Mfongo Uliohama

Jumapili, 16 Machi

Mvua ilianza jana alasiri, na bati la chumba changu linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya rafu ya vitabu. Nimehamisha vitabu, nikaweka sufuria. Nikatoka barazani kuisogeza ndoo yenye mche wa isale isijae maji. Nilipokaa nikaona siioni tena kutoka kitini, nikainuka, nikairudisha.

Nina miaka sabini na sita na bado sijui kukaa mahali nikatulia. Mzee Jaswant, mwenye nyumba wangu, ambaye ana gereji hapo mbele upande wa barabara, husema katika mtaa mzima wa Njoro mimi ndiye mpangaji pekee anayechakaza sakafu kwa kutembea.

Mjukuu wangu Grace, mtoto wa binti yangu Beatrice aliyeko Mwanza, anakaa nami tangu amalize chuo. Anatengeneza filamu. Nilimuuliza filamu za namna gani, akasema, "Fupi, bibi." Nikamwambia sikuuliza urefu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Sikusoma, sikushona.

Jumatano, 2 Aprili

Kiwareni imeporomoka.

Grace alikuwa anakunywa chai amesimama, kama kawaida yake, simu mkononi. Ghafla akakaa chini sakafuni. Nilidhani amezimia. Akanisomea: alfajiri ya leo mlima umekatika juu ya kitongoji, udongo na miti na mawe vimeshuka juu ya nyumba, watu wanachimba kwa majembe.

Naandika hili kwa mpangilio, kwa sababu kichwa changu hakina mpangilio.

Kiwareni iko juu ya Old Moshi. Niliolewa huko mwaka 1971. Mume wangu Yakobo alifariki mwaka 1983, akazikwa kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, katikati ya migomba, kama wazikwavyo watu wa huko. Nilikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Miezi mitatu baada ya mazishi shemeji yangu Elimringi, mdogo wake Yakobo, alikuja na wazee wawili wakaniambia kwamba kihamba cha ukoo hakiwezi kushikwa na binti ambaye kesho ataolewa kwingine. Walinieleza kwa upole sana. Nadhani ningewasamehe kama wangepiga kelele.

Asubuhi niliyoondoka nilimshika Beatrice kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikang'oa isale changa kutoka mpakani. Isale ndilo tunalopandia mipaka, na ndilo jani la msamaha: mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huna ruhusa ya kumkatalia. Sikujua nalichukulia nini. Limeishi kwenye ndoo tangu siku hiyo, na ndoo zenyewe zimekwisha kuoza kadhaa.

Kutoka hapa hadi Kiwareni gari halichukui saa moja. Sijapanda tena.

Jioni jina likaja. Miongoni mwa wasioonekana yumo Tito, kitindamimba wa Elimringi. Nilimwacha akiwa hajazaliwa. Nikaona Grace analia kilio kisicho cha mtu wa kusikia habari kwenye simu.

"Unamlilia mtu usiyemjua?"

"Namjua, bibi."

"Unamjulia wapi?"

"Nilikwenda Kiwareni mwaka jana. Mara nyingi. Nilimpiga filamu."

Nimeandika hadi hapa nikaenda dirishani, nikarudi. Mjukuu wangu amekanyaga ardhi ile, akala ndizi za migomba ile, akarudi jioni akaniambia alikuwa mjini na wenzake.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimetembea na mwavuli hadi darajani Rau. Mto ni mwekundu na mzito, unabeba vishina vya migomba na kipande cha ubao chenye rangi ya buluu. Watu walikuwa wamesimama wakipiga picha. Nami nilisimama, nikifikiri kwamba miaka yote hii sikupanda kwenda kule, na sasa kule kumeshuka kunifuata, kunapita chini ya miguu yangu kuelekea uwandani.

Sijasema na Grace.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumesema. Yeye ndiye aliyeanza, kwa kuniletea chai niliyokuwa sijaomba.

Yeye na wenzake wa Arusha, Tanga, Voi na Kisumu wana tamasha la filamu huru za ukanda huu. Walikuwa walifanye ukumbini mwezi wa sita. Sasa wameamua kuliwahisha na kulifanya mtandaoni, siku kumi, ili mtu akilipia kuangalia, fedha ziende Kiwareni kwa mabati na vyumba vya kupanga. Filamu ya kufungia itakuwa ya kwake mwenyewe, aliyopiga na Tito. Inahusu mfongo.

Mfongo ni mfereji unaochukua maji mtoni huko juu na kuyateremsha kihamba kwa kihamba, kwa zamu. Wapo watu wanaojua majina ya waliouchimba hadi kizazi cha saba. Tito alikuwa mlinzi wake.

"Angalia dakika moja tu, bibi. Kuna kitu humo ni chako."

"Changu kule hakuna."

Akachukua kikombe, kikiwa bado kimejaa.

Jumatano, 9 Aprili

Grace ametoa kionjo cha filamu mtandaoni. Anasema watu wanakituma huku na huku kama moto wa nyika. Amefurahi kwa mara ya kwanza tangu maporomoko. Sikumharibia.

Mzee Jaswant amekiona kwenye simu ya fundi wake. "Bibi Aika, yule kijana anacheka vizuri. Lakini nyimbo ziko wapi? Filamu bila wimbo ni kama gari bila honi. Itakwenda, lakini nani atajua?"

Alhamisi, 10 Aprili

Moto wa nyika umefika kulikokuwa na majani makavu.

Saa nne asubuhi alipiga simu Sifael, mwenyekiti wa kitongoji. Grace aliweka sauti nje nami nikasikia kila neno. Jana, watu wakiwa bado wanachimba, kijana mmoja alitoa simu yake na Tito akacheka. Elimringi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, ameshika jembe. Alisikia sauti ya mwanawe nyuma yake. Akageuka.

"Aligeuka, binti," Sifael alisema. "Unanielewa? Mzee aligeuka akamwita."

Grace alikiondoa kionjo hapohapo, lakini ni kama kuzoa maji yaliyomwagika. Watu walikwisha kukihifadhi kwenye simu zao.

Nimekaa na jambo hili siku nzima nikizunguka. Mtoto huyu alimpenda Tito, nalijua hilo sasa, na aliweka kicheko kile kwa mapenzi. Hakuuliza. Hajui kwamba mtu ambaye hajazikwa bado hajawa wa kuonyeshwa. Mimi ndiye ningemfundisha, kama ningekuwa nimewahi kumweleza lolote kuhusu watu wa kule.

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1983 nimekubaliana na Elimringi.

Jumamosi, 12 Aprili

Grace alipanda kwenda kuomba radhi. Waliookoka wamewekwa katika ukumbi wa kanisa. Elimringi alikataa kutoka. Alimtuma Sifael na neno moja: filamu ifutwe yote, kila ilipo, hata iliyo kwa wale wenzake wa mbali, kabla ya Pasaka. Asiposikia hivyo atakwenda kwa mchungaji, na kwa mkuu wa wilaya.

Amerudi ameloa hadi mifupa. "Nitaifuta, bibi. Jumamosi ijayo. Nitawaambia na wenzangu wafute."

"Na tamasha?"

"Tutafunga na nyingine."

Nilimuuliza kama kuna picha nyingine za Tito. Nyumba ilikwenda na kila kilichokuwa ukutani. Hakuna.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Grace hali chakula.

Jumanne, 15 Aprili

Hali. Mimi nami nimevunja sahani mbili.

Nilifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha uchapaji hapa mjini, nikisoma prufu. Nimepitisha vitabu vya sala, vya kilimo, vya hesabu, na riwaya ambazo waandishi wake wangestahili kufungwa. Nilisahihisha, nilikata, nilirudisha. Lakini sikuwahi kumwambia mchapaji atupe ukurasa ambao hakuna mtu aliyeusoma.

Nimetoka mara tano kuitazama ndoo. Mara ya tano nilikuwa na kisu mkononi. Nilifikiri kumpelekea Elimringi jani, ili asiweze kunikatalia. Kisha nikakumbuka kwamba jani hubebwa na mkosaji, na mimi sikumkosea. Nikarudisha kisu jikoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepanda.

Grace alinikataza, hivyo nilimwomba tableti yake kwa kisingizio cha kutaka kusoma magazeti, akanionyesha pa kubonyeza. Mtoto akikosa usingizi huwa hachunguzi. Mzee Jaswant alinipeleka kwa pikapu yake, ambayo ina umri wa Beatrice. Kila kona alipiga honi kwanza, ndipo akakata usukani.

"Bibi Aika, fungua macho."

"Wewe ndiye dereva."

"Mimi mtoto wa jicho la kushoto bado hawajanitoa. Tusaidiane."

Barabara inaishia uwanja wa kanisa. Nilishuka nikatazama juu. Nilikuwa nimejiandaa kuona uharibifu, kama nilivyouona kwenye simu. Sikuwa nimejiandaa kutoona kitu. Pale palipokuwa na kihamba, na nyumba, na migomba ya Yakobo, na Yakobo mwenyewe, pana mteremko mwekundu, laini, kama ukuta uliosiribwa upya. Nilitafuta mpaka. Hakuna hata isale moja lililosimama.

Ukumbini kulikuwa na magodoro, harufu ya nguo mbichi na ya uji. Elimringi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha linalotazama mlima. Nilimtambua kwa masikio. Aliniangalia, akanitambua, sijui kwa alama gani.

"Shikamoo, shemeji," alisema akiwa amekaa. Kisha akakumbuka, akasimama.

"Marahaba. Kaa, usianguke."

"Umezeeka."

"Na wewe umepungua."

"Nimepungua," alisema. "Kweli."

Nikampa pole ya mtoto. Nilikuwa nimeiogopa pole hiyo njia nzima, nikidhani itatoka ya mdomoni tu. Ilitoka yote.

"Umetumwa na yule mjukuu wako."

"Alinikataza."

"Basi umekuja kunicheka."

"Ningetaka kukucheka, Elimringi, nisingepanda mlima na mvua hii. Ningecheka hukohuko Njoro nimekaa."

Mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi alitazama pembeni haraka, mabega yakitikisika. Elimringi hakutikisika.

"Mwanangu hajapatikana," alisema. "Hana kaburi. Na huko kwenye masimu anacheka. Watoto wa watu wanambonyeza, anacheka; wanambonyeza, anacheka. Mtu afe, asizikwe, halafu awe wa kubonyezwa?"

"Hapo haki ni yako. Grace alikosa, na nimemwambia."

"Basi aifute."

"Ataifuta Jumamosi, kama ulivyoagiza. Mimi sikuja kuomba. Nimekuja kukwambia kwamba unafuta kitu ambacho hukukiona. Ukikiona ukasema kifutwe, nitabonyeza mwenyewe."

Mvua ilipiga bati kwa nguvu, tukangoja ipungue.

"Wewe umekiona?"

"Hapana. Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kule ni kwako."

Akaniangalia kwa muda. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuniona.

"Anaongea humo?"

"Nadhani."

"Anaongea nini?"

"Habari za mfongo."

"Mfongo," alisema, na uso wake ukalegea kidogo. "Anaujua kuliko mimi."

Akasogea kwenye benchi. Nikakaa. Mzee Jaswant, ambaye nilimwambia angoje garini, alikuwa tayari amesimama nyuma yetu.

Filamu inaanza na maji tu, maji ya mfongo yakipita polepole na jani la mgomba likielea juu yake. Kisha miguu ya mtu. Kisha Tito. Ana masikio ya baba yake na, Mungu nisaidie, mwendo wa Yakobo, ule wa kutanguliza bega. Amebeba jembe. Anapanda na mfongo hadi kwenye chanzo, akieleza zamu ya nani ni lini, nani huiba maji ya mwenzake, mama yupi humpikia anapozibua. "Maji ni kama mkwe," anasema. "Usiyasukume. Yaonyeshe njia, halafu ujifanye yamechagua yenyewe." Elimringi alitoa pumzi puani. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika pembe ya tableti.

Kisha Tito akaingia kati ya migomba, nami nikajua anaelekea wapi kabla hajafika. Kaburi la Yakobo lilikuwa limefagiliwa. Msalaba ulikuwa umepakwa chokaa.

"Huyu ni baba mkubwa," Tito anasema. "Mfongo wa mababu ulikuwa unapita hapa, miguuni kwake kabisa. Ukijaa, unamlowesha. Nikamwambia mzee tuusogeze. Akagoma, akasema mfongo hauhami. Basi Jumapili moja nikangoja ameshuka kanisani, nikauhamisha."

Sauti ya Grace inauliza, "Hakuona?"

"Aliona! Aliporudi alisimama hapa, akatazama, akasema mvua ya jana imefanya kazi nzuri."

Na hapo Tito anacheka. Ni kicheko kilekile cha kwenye kionjo, kile kilichomgeuza baba yake pale kwenye udongo. Hakukuwa na namna ya kujua kwamba alikuwa anamcheka yeye.

Grace anauliza, "Lakini kwa nini ulihangaika hivyo?"

Tito anainama, anaondoa jani juu ya kaburi.

"Mama mkubwa akirudi asimkute mumewe amelowa miguu."

Kando yangu Elimringi alitoa sauti nikashtuka, nikadhani moyo umemshika. Alikuwa anacheka.

"Mvua!" alisema. "Shemeji, nilimshukuru Mungu kwa ile mvua! Nilisimama kanisani nikashukuru! Nilitoa na mkungu wa ndizi!"

Alicheka hadi machozi yakaja, na yalipokuja hayakuwa tena ya kicheko. Mama wa ndizi alikuja akashika bega lake. Mzee Jaswant alipenga kamasi kwa kishindo nyuma yetu. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Akirudi. Kijana ambaye sikuwahi kumwona, aliyezaliwa baada yangu, alipanga maji kwa ajili ya siku nitakayorudi. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na miwili nikijua kwa hakika kwamba kule hakuna anayeningoja.

"Irudishe," Elimringi alisema.

Nikairudisha. Tukaangalia mara ya pili, na watu wa ukumbini wakaja mmoja mmoja wakasimama nyuma, na mwisho hapakuwa na aliyebaki kwenye godoro.

"Isifutwe," alisema. "Na isikatwe, hata hapo pa mvua. Ila ionyeshwe hapa kwanza. Mchungaji aombe, tuimbe, tumtaje jina. Hiyo itakuwa ndiyo ya kwetu. Wa mbali wataona baada yetu."

Hakusema neno kuhusu mwaka 1983. Sikumuuliza. Tulishuka hadi njia panda, ndipo Mzee Jaswant akasema, "Sawa. Hii haikuhitaji wimbo."

Ijumaa, 18 Aprili

Grace amekasirika kwa kudanganywa kuhusu tableti. Kisha amelia. Kisha amekula wali wote wa mchana na wa jioni.

Ijumaa, 25 Aprili

Tamasha limefunguliwa. Nilidhani nitaona watu wakiingia mahali. Kumbe ni Grace peke yake mezani kwangu, na waya kutoka gereji kwa Mzee Jaswant, na majina yakitokea pembeni mwa kioo: mtu wa Singida, mtu wa Nairobi, mtu wa Oslo anayesema shikamooni nyote. Filamu ya kwanza ni ya Tanga, ya mama anayeshona mabegi ya shule. Nilijiambia nitaangalia kidogo. Nilibaki hadi mwisho, nikataka kujua kama begi la mwisho liliuzwa.

Mtandao ulikatika mara mbili. Grace alitukana kwa Kiingereza, akidhani sielewi.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Filamu ya Kisumu, ndefu mno. Ningekata robo yake.

Jumapili, 4 Mei

Mchana walifanya ya kwao huko juu. Sikwenda, barabara imekatika chini ya kanisa na pikapu haipiti, na Mzee Jaswant alikataa kukubali kwamba haipiti hadi nilipochukua ufunguo. Grace alipanda kwa miguu tangu asubuhi na wenzake wawili, na projekta mgongoni imefungwa kwa mfuko wa mbolea. Alinipigia simu ili nisikie. Nilisikia mchungaji, na wimbo, na jina la Tito likisemwa lote, kisha maji ya mfongo. Kisha, pale pa mvua, nikasikia ukumbi mzima ukicheka.

Jioni ikaonyeshwa kwa wa mbali. Nilikaa na Mzee Jaswant mbele ya kompyuta. Majina yalikuwa mengi mno kuyasoma. Ilipokwisha kila mtu aliandika chake pembeni, na mwanamke mmoja wa Toronto akauliza: huyo mama mkubwa yuko hai? Alirudi?

"Jibu," alisema Mzee Jaswant.

"Siwezi kuandika kwenye kitu hiki."

"Wewe? Miaka thelathini umesahihisha wenzako!"

Nikaandika kwa kidole kimoja: Yuko hai. Amechelewa.

Fedha zimepatikana za kuezeka nyumba za familia zote zilizobaki, isipokuwa mbili, na kwa hizo mbili wenzake wa Voi wameomba waonyeshe tena wiki ijayo.

Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu. Wamekubaliana kusitisha kuchimba. Tito hajapatikana.

Jumatano, 21 Mei

Grace anasema familia za Kiwareni zinapewa viwanja chini, uwandani. Hakuna atakayeruhusiwa kujenga tena juu. Kwa hiyo sasa Elimringi naye ni mtu wa kusema "kule kwetu." Nilingoja nione kama nitafurahi. Nilizunguka nyumba, nikangoja tena. Furaha haikuja.

Jumamosi, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Nilikuwa nimeanika vitabu barazani Elimringi alipoingia getini na mkungu wa ndizi begani, suti ya kanisani, viatu vya kuazima.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Hizo ndizi umezitoa wapi, nawe huna mgomba?"

"Nimepewa. Mtu aliyepewa naye anaweza kutoa."

Akatua mkungu, akajifuta jasho, na hapo akaiona ndoo. Alisimama tuli. Aliizunguka upande mmoja, akaizunguka upande wa pili.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Unapajua."

"Upande wa magharibi, karibu na jiwe. Niliona pengo. Nikadhani ni mbuzi."

"Hakuwa mbuzi."

"Uliniibia mpaka, shemeji."

"Uliniibia kihamba, shemeji."

Huko gereji nyundo ilinyamaza. Mzee Jaswant husikia vizuri anapotaka.

Elimringi alikaa kwenye kigoda, kofia magotini. Alisema akitazama ndoo, hakunitazama mimi.

"Nina neno nilipaswa kuja nalo zamani. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Nilikuwa na masale mpaka mzima, nikayapita kila siku nikienda kukata majani ya ng'ombe. Sasa nimekuja, na sina hata moja. Sifael alitaka kunikatia la kwake. Nikamwambia la kwake si la kwetu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikatie jani."

"Nikate jani langu, nikupe, unipe, nikusamehe?"

"Ndiyo."

"Mambo gani hayo, Elimringi?"

"Ndiyo niliyonayo."

Niliingia jikoni. Nilichukua kisu, nikakiweka, nikasogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa. Nilijua jambo ambalo yeye pia alilijua: jani likiwa mkononi mwake sitakuwa na ruhusa tena ya kukataa. Kama nataka kukataa, ni sasa, kabla ya kisu. Hakuwahi mtu kuniachia uamuzi mkubwa hivyo. Wale wazee wawili walikuja na uamuzi wao tayari.

Nilimfikiria Tito akingoja baba yake ateremke kanisani.

Nikatoka nikakata jani la katikati, lililonyooka. Elimringi alilipokea, akalifunga fundo, akasimama, akainua mkono kuvua kofia iliyokuwa tayari imevuliwa. Alisema alichosema kwa Kichagga, na kwa jina la Yakobo. Sitakiandika. Akaninyooshea jani kwa mikono miwili.

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Tulikunywa chai. Mzee Jaswant alijialika. Kabla Elimringi hajaondoka nilikata kipande cha shina, nikakifunga kwenye gazeti lenye maji, akapande kwenye kona ya kiwanja chake kipya. Aliuliza kama nitakwenda kuona kimeshika. Nilisema nitakwenda.

Ndoo nimeisogeza hadi pale jua linapofika. Siioni kutoka kitini. Nimeiacha hapohapo.